MAISHA YA IBN KHALDUN NA KUHAMIA KWAKE MISRI

Shukrani zote ni za Mola aliyeitandaza ardhi na kuzigawa riziki za waja wake katika pembe zake zote, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na ahali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, kuhama ni jambo zito. Mtu aliye peke yake hukunja mkeka wake, akatwaa kisanduku chake, akapanda chombo msimu ukifika. Lakini mwenye mke na watoto wadogo hachukui vyake tu. Huchukua roho za watu ambao si wao walioichagua safari ile. Akifika ugenini hana budi kutafuta kazi kabla ya akiba kwisha, na kutafuta nyumba, na kupata mtu wa kumwamini. Na akiwaacha ahali yake nyuma ili atangulie yeye, moyo wake hubaki kule alikotoka, na mwili wake uko huku.

Miongoni mwa maulamaa walioyaonja mambo haya yote ni Abdulrahman bin Muhammad bin Khaldun, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwenye kitabu mashuhuri kiitwacho Mukaddima. Watu wengi wamelisikia jina lake kwa ajili ya kitabu hicho. Wachache wajuao ya kuwa aliihamisha nyumba yake mara nyingi, kwa nchi kavu na kwa bahari, na ya kuwa katika kuhama kwake kwa mwisho bahari iliwachukua aliokuwa akiwangojea.

ASILI YAKE NA KUZALIWA KWAKE

Ibn Khaldun alizaliwa mjini Tunis, siku ya kwanza ya Ramadhani, mwaka 732 wa Hijra, nao ni mwaka 1332 wa Miladi. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, nchi ile ile waliyotoka wengi katika masharifu na mashekhe wa pwani hii. Jamaa zake waliingia Andalusi zamani za futuhi, wakakaa Ishbilia, mji ambao Wazungu huuita Seville, wakawa watu wa elimu na wa serikali. Ufalme wa Waislamu ulipodhoofika huko, walihama kabla mji haujatekwa na Wakristo mwaka 1248, wakavuka bahari mpaka Sabta, kisha wakatulia Tunis. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuhama mara nyingi, na hadithi za mji ulioachwa zilikuwa urithi wake.

Baba yake alikuwa mwanachuoni, akamsomesha. Alihifadhi Kurani, akasoma nahau na fikhi ya madhehebu ya Imamu Malik, na hadithi, na baadaye mantiki na hesabu kwa Sheikh Muhammad Al-Abili. Alipokuwa na umri wa miaka 17 tauni kubwa iliingia Tunis, mwaka 749 wa Hijra, ikawaua baba yake na mama yake na wengi katika masheikh zake. Waliosalimika katika maulamaa wengi wao walirejea Fas, kwenye mji wa Sultani wa Magharibi. Kijana akabaki na elimu yake, wala hakuwa na darasa.

KAZI YA KWANZA NA KIFUNGO CHA FAS

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika nyumba ya Sultani wa Tunis, kuandika kwa hati nzuri alama ya Sultani juu ya barua zake. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini moyo wake ulikuwa kwa mashekhe waliokwenda zao. Mwaka 1352 akaiacha, akashika njia ya Magharibi, na baada ya miaka miwili akafika Fas, akaingia katika baraza la Sultani Abu Inan.

Alipokuwa huko yalikuwa yakizungumzwa mambo ya Ibn Battuta wa Tanja, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akarejea kwao na habari za Bara Hindi na nchi nyingine za mbali. Watu wa mjini walinong'onezana ya kuwa anasema uongo. Ibn Khaldun mwenyewe aliingiwa na shaka, hata waziri mmoja akamwonya asikanushe jambo kwa sababu tu hajaliona kwa macho yake. Onyo hilo akalitia katika kitabu chake.

Fas haikumpa raha. Mwaka 1357 alituhumiwa kufanya shauri na Amiri wa Bijaya aliyekuwa amezuiliwa mjini, akatiwa kifungoni muda wa miezi 21, asitoke ila alipokufa Sultani. Wakati huo alikwisha kuoa. Mkewe alikuwa binti wa jamadari mkubwa wa Konstantina, Muhammad bin Al-Hakim. Hapo alijifunza ambalo mtu wa serikali hujifunza akiwa amechelewa, ya kuwa mshahara wa mlango wa sultani ni mnono, lakini mlango huo una kufuli kwa ndani na kwa nje.

GHARNATA, NYUMBA YA KWANZA UGENINI

Mwaka 1362 aliona Fas haimfai tena, akataka ruhusa ya kwenda Andalusi. Kwa kuwa hakujua atakayoyakuta, hakuwachukua watoto wake pamoja naye. Aliwapeleka kwa wajomba zao Konstantina, yeye akavuka bahari peke yake. Mwishoni mwa mwaka huo akaingia Gharnata, mji uitwao Granada na Wazungu.

Hakuingia kama mtu asiyejulikana. Sultani wa Gharnata, Muhammad wa Tano, alipopinduliwa miaka iliyotangulia alikimbilia Fas pamoja na waziri wake Lisanuddin Ibn Al-Khatib, na Ibn Khaldun aliwafanyia wema katika dhiki yao. Sasa wema ule ulimrudia. Alipewa nyumba yenye matandiko, akawa katika watu wa karibu wa baraza. Baadaye Sultani alimtuma kwa mfalme wa Kikristo wa Kastilia, Pedro, aliyekuwa akikaa Ishbilia, ili athibitishe mapatano ya amani.

Huko Ibn Khaldun aliyaona kwa macho yake majengo ya wazee wake. Mfalme Pedro akapendezwa naye, akamtaka akae kwake, naye atamrudishia mali ya ukoo wake iliyokuwa mikononi mwa wakubwa wa Kastilia. Hii ilikuwa fitina kubwa kwa kijana mwenye watoto wasio na makao: nyumba ya babu, shamba la babu, na heshima ya mfalme. Alikataa kwa maneno laini, akarudi Gharnata.

Sultani alifurahi kwa kazi ile, akampa kijiji cha Ilbira katika bonde lenye maji la Gharnata. Alipokwisha kuwa na shamba la kumlisha, ndipo alipothubutu kutaja watoto wake. Sultani akaamuru waletwe. Wakatoka Konstantina mpaka Tilimsani, na marikebu ya Sultani ikawavusha hata bandari ya Almeria. Baba yao akawatengenezea nyumba na bustani na mahitaji yote kabla hawajafika, kisha akaenda kuwapokea.

Msomaji ataona utaratibu wake wa mara hii: alitangulia yeye, akapata kazi, akapata ardhi, akaweka nyumba tayari, kisha akawaita. Katika maisha yake yote hapakuwa na kuhama kulikotengenezwa vema kama huku. Lakini hakukudumu. Waziri Ibn Al-Khatib alianza kumwonea choyo kwa ukaribu wake na Sultani, na Ibn Khaldun akaona ni afadhali kuondoka urafiki ungali na masalio. Mwanzo wa mwaka 1365 akapakia tena.

BIJAYA NA JANGWA

Yule Amiri aliyetuhumiwa pamoja naye Fas alikuwa amerudi katika ufalme wake wa Bijaya, akamwita awe hajib wake, ndiye mkubwa wa serikali baada ya Amiri mwenyewe. Ibn Khaldun alipokewa kwa shangwe. Asubuhi alihukumu mambo ya nchi, kisha akaketi msikitini kusomesha. Baada ya muda wa mwaka mmoja tu Amiri yule aliuawa vitani na binamu yake Abul Abbas wa Konstantina. Ibn Khaldun akamkabidhi Abul Abbas mji ili damu isimwagike, lakini punde akajua ya kuwa anashukiwa, akakimbilia Biskra katika ukingo wa jangwa.

Kwa miaka mingi baadaye alikuwa mtu wa katikati, akitumiwa na wafalme wa Tilimsani na wa Fas kuzivuta kabila za Waarabu wa jangwani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Watu wamemlaumu kwa kubadilisha mabwana, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini mwenye kumlaumu na akumbuke ya kuwa kila mfalme alipoanguka, ahali ya Ibn Khaldun ndiyo iliyofungasha.

Mwaka 1372 alitoka Biskra na watoto wake kwenda Fas. Njiani Waarabu wa jangwani, kwa kuchochewa na mfalme wa Tilimsani aliyemkasirikia, waliuvamia msafara wao, wakanyang'anya wanyama na mizigo. Wenziwe wengi waliokoka kwa kupanda farasi. Yeye alitembea siku mbili jangwani bila ya nguo za kumsitiri, hata akafika penye watu na kuwakuta wenzake. Kisha alipotaka kurudi Andalusi, watawala wa Fas waliwazuia ahali yake wasimfuate, kwa kuogopa asije akafanya shauri juu yao huko, wakataka na yeye arudishwe. Hapo ilimdhihirikia ya kuwa mtoto wa mtu wa serikali ni rehani mikononi mwa serikali.

NGOME YA IBN SALAMA

Akachoka. Mfalme wa Tilimsani alipomtuma tena kwa kabila za jangwani, alionyesha kukubali, akatoka mjini, kisha akageuza njia akaenda kwa Waarabu wa Awlad Arif akitaka himaya yao. Hao walimkirimu, wakamwombea msamaha kwa mfalme, wakamletea mkewe na watoto wake. Wakamweka katika ngome ya Ibn Salama, mahali pa peke yake juu ya mlima, katika nchi iitwayo leo Aljeria.

Huko alikaa karibu miaka minne pasipo cheo wala mshahara. Na huko, mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, aliiandika Mukaddima kwa mara ya kwanza, kitabu kinachoeleza kwa nini dola huinuka na kwa nini huanguka, na miji hujengwa vipi, na watu hupataje riziki. Katika mlango wa riziki alieleza ya kuwa faida zote asili yake ni kazi za watu, na ya kuwa wenye kazi za dini, kama makadhi na waalimu na maimamu na waadhini, kwa desturi hawawi matajiri. Akaeleza pia ya kuwa mwenye kutaka jaha hujipendekeza kwa wakubwa, na asiyeweza kujipendekeza hubaki na kidogo chake. Hayo hakuyapata vitabuni peke yake. Aliyapata katika mizigo aliyofunga na kufungua.

KURUDI TUNIS

Vitabu vyake havikumtosha huko mlimani, na maradhi yakampata, akatamani kurudi alikozaliwa. Mwaka 1378 akaingia Tunis baada ya kutokuwapo miaka 26. Mtawala alikuwa ni Abul Abbas, yule yule aliyemkimbia Bijaya. Sultani alimsamehe na kumkaribisha, na ahali yake wakaja wakakaa naye. Akasomesha, na wanafunzi wakamiminika kwake, akampa Sultani nakala ya kitabu chake.

Wanafunzi hao ndio walioleta uadui. Mufti wa mji, Ibn Arafa, alikuwa mwenzi wake wa zamani katika masomo, akaona wanafunzi wake wanamhama. Maneno yakaanza kupelekwa kwa Sultani. Na Sultani naye akaanza kumchukua katika vita vyake, na Ibn Khaldun hakutaka tena vita vya mtu yeyote.

Mwaka 784 wa Hijra marikebu ya wafanyabiashara wa Iskandaria ilikuwa bandarini ikipakia. Akaomba ruhusa ya kwenda Hija, na ruhusa ya Hija ni taabu kwa mtawala Mwislamu kumnyima mtu. Katikati ya Shaabani, mwezi wa Oktoba 1382, akapanda. Watu wa mji na wanafunzi walikwenda kumuaga pwani. Ahali yake walibaki.

KUFIKA MISRI NA KUPATA KAZI

Alikaa baharini kama siku arobaini, akateremka Iskandaria siku ya Idi ya Kufungua. Umri wake ulikuwa miaka hamsini. Siku chache kabla yake Sultani Barkuk alikuwa amekalia kiti cha Misri, ufalme mpya kwa mfalme na kwa mgeni.

Hija haikuwezekana mwaka ule, akapanda kwenda Kairo, mji aliousikia sifa zake tangu utotoni. Alikuta mji mkubwa kuliko yote aliyopata kuiona, wenye madrasa na zawia na masoko yaliyojaa watu, na mto wa Nili ukipita. Naye hakuwa na mtu wa nasaba yake huko. Alikuwa na vitu viwili tu: jina lililomtangulia, na elimu iliyomo kifuani. Wanafunzi walimjia wakimtaka asomeshe, akaketi katika msikiti wa Al-Azhar. Alikuwa akiyaomba mapokezi mfano wa hayo kwa wafalme, na hapa alipewa na wanafunzi kwanza, ndipo mfalme akafuata. Barkuk akamwita, akamliwaza ugeni wake, akamfanyia posho.

Ni vizuri kueleza kwa nini kazi ilipatikana Misri. Tangu Sultani Baybars, mwaka 1265, Kairo ilikuwa na makadhi wakuu wanne, mmoja kwa kila madhehebu: Shafi, Hanafi, Maliki na Hambali. Watu wa Misri wengi walikuwa Mashafi kama watu wa pwani hii, lakini Wamaliki nao walikuwa na madrasa zao na wakfu zao, na watu wa Magharibi waliozama katika madhehebu hayo walipata nafasi. Na Misri ilikuwa imejaa wakfu za sultani na maamiri, zikiwalipa waalimu na wanafunzi kwa kodi za mashamba na maduka. Basi mwalimu mgeni hakulazimika kula kwa mkono wa mtu mmoja. Aliweza kula kwa wakfu.

Mwanzo wa mwaka 1384 alipewa madrasa ya Kamhiya, iliyowekwa wakfu na Sultani Salahuddin karibu na msikiti wa Amr bin Al-As kwa ajili ya Wamaliki. Jina lake latoka katika neno la ngano, kwa kuwa wakfu wake ulikuwa mashamba ya Fayum, na ngano yake ikigawiwa waliomo. Hivyo ndivyo alivyopata kazi ya kwanza ya kudumu katika nchi ya ugeni. Yule aliyekuwa hajib wa mfalme sasa alilipwa na shamba la ngano, na mshahara huu haukuwa na kufuli ya ndani.

UKADHI NA MSIBA WA BAHARI

Jambo moja likabaki. Sultani wa Tunis hakuwaruhusu ahali yake waondoke; aliwashika kwa kutumai ya kuwa baba yao atawarudia. Ibn Khaldun akamwomba Barkuk amwombee, na Barkuk akaandika barua kwa Sultani mwenziwe. Ruhusa ikaja.

Wakati wa kuwangojea, mwezi wa Agosti 1384, Barkuk alimwuzulu kadhi wa Kimaliki akamsimamisha Ibn Khaldun mahali pake. Alikataa kwanza, Sultani asimkubalie. Akakaa katika baraza la hukumu kwenye madrasa ya Salihiya.

Aliyoyakuta yalimtisha. Mashahidi rasmi wa baraza wengine walikuwa si waadilifu, bali wakilindwa kwa kuwa waliwasomesha watoto wa maamiri au kuwasalisha majumbani mwao. Waandishi wa hati walikuwa na ustadi wa kutafuta maneno ya kuvunja wakfu, hata wakfu nyingi zikauzwa. Wengine walijifanya mamufti pasipo elimu, wakampa mdai fetwa na mdaiwa fetwa, kila mmoja apendavyo. Wakubwa walipeleka watu wao kunong'ona sikioni mwa kadhi kabla ya hukumu.

Ibn Khaldun aliyafunga milango yote hayo. Aliwakataa mashahidi wabaya na kuwaadhibu, akawazuia mamufti wa uongo, wengine wao ni watu wa Magharibi kama yeye, wala hakuwaonea haya kwa unchi wao. Uombezi wa wakubwa hakuusikiliza. Akashikilia hukumu iwe sawa kwa mwenye nguvu na mnyonge. Katika jambo hili alikuwa peke yake, na mgeni akiwa peke yake ni rahisi kusingiziwa. Wakasema hajui desturi za baraza la Misri. Wakasema ni mkali. Wakamsema hata kwa mavazi, kwani aliendelea kuvaa burnusi ya Kimagharibi asivae joho la makadhi wa Misri. Wakampelekea Sultani mashtaka.

Katika siku hizo hizo marikebu ilitoka Tunis, nayo ina ahali ya Ibn Khaldun na watoto wake na mali yake. Ilikata bahari yote. Ilipokuwa karibu na Iskandaria dhoruba ikaipiga, ikazama. Bandari ambayo baba aliteremka salama siku ya Idi, haikuwapokea wao.

Wenye kukaa pwani hawahitaji kuelezwa habari ile humfikia mtu vipi. Mtu hungoja chombo, akahesabu siku, akauliza kila nahodha aingiaye; kisha siku moja wanaoingia wanakuwa hawamtazami usoni. Ibn Khaldun alikuwa mtu wa kuandika kila jambo, na jambo hili aliliandika kwa maneno machache mno: ya kuwa mali na makao na watoto vilikwenda pamoja. Huzuni ilimjaa, akatamani kuitupa dunia na cheo chake. Alitaka kujiuzulu, akazuiliwa na waliomshauri, kwa kuogopa hasira ya Sultani.

Basi akaendelea kuhukumu. Hili ndilo jambo kubwa katika maisha yake. Aliyejengewa hoja na maadui, na kuvunjikiwa na nyumba, alikuwa na udhuru wa kulegea: angewasikiliza maamiri kidogo, wakamnyamazia, akapata raha ya kulia. Hakulegea. Mwaka 1385, baada ya kiasi cha mwaka mmoja katika cheo, Sultani alimwondolea kazi ile kwa hisani, akamrudishia mwenye cheo wa kwanza. Ibn Khaldun akatoka katika ukadhi mikono yake haina deni la mtu.

MAISHA YALIYOBAKI

Alibaki na kusomesha na kuandika, na posho ya Sultani haikukatika. Mwaka 789 wa Hijra, 1387 wa Miladi, alitimiza ile Hija aliyoitaja siku ya kuondoka Tunis. Alikwenda mpaka bandari ya Tur, akapanda chombo kwenda Yanbu. Aliyepokonywa na bahari aliikabili tena bahari, kwa sababu deni la Mola wake lilikuwa ng'ambo yake.

Aliporudi alipewa madrasa ya Sarghatmishiya kusomesha hadithi kwa kitabu cha Muwatta cha Imamu Malik, kisha akasimamia zawia ya Baybars. Miongoni mwa waliosoma kwake ni mwandishi wa tarehe Al-Makrizi, aliyemsifu sana. Na Ibn Hajar Al-Askalani alikutana naye pia, naye hakumsifu kwa kila jambo.

Mwaka 1399, baada ya miaka 14, alirudishwa katika ukadhi, na tangu hapo hata kufa kwake aliuzuliwa na kurudishwa mara kwa mara, hata jumla ikawa mara sita.

Mwaka 1401 alikuwa Damascus, mji wa Sham, Timur alipouzingira. Sultani kijana wa Misri alikuwa amerudi Kairo kwa kuogopa fitina. Ibn Khaldun, mzee wa karibu miaka sabini, aliteremshwa kwa kamba ukutani, akaenda hemani kwa Timur kuomba amani. Akakaa naye siku kadha wa kadha, akaandika kwa ombi lake maelezo ya nchi ya Magharibi. Alipotaka ruhusa ya kuondoka alimweleza Timur ya kuwa yeye ni mgeni mara mbili: mgeni wa Magharibi alikozaliwa, na mgeni wa Misri walipo watu wake. Kwa maneno hayo yajulikana ya kuwa Misri, iliyomwona akiteremka peke yake, ilikwisha kuwa kwao.

Timur alikuwa amemtaka nyumbu wake amnunue. Thamani yake ikaletwa Kairo baadaye kwa mkono wa mjumbe. Ibn Khaldun hakuipokea mpaka alipowapa habari wenye serikali wakamruhusu, ili isisemwe ya kuwa mtumishi wa Misri amepokea fedha ya adui kwa siri.

Alifariki Kairo mwishoni mwa Ramadhani, mwaka 808 wa Hijra, mwezi wa Machi 1406, naye yumo katika cheo cha ukadhi. Alizaliwa katika Ramadhani na akafa katika Ramadhani. Alizikwa katika makaburi ya Masufi, nje ya mlango wa Bab al-Nasr.

MAZINGATIO

Katika maisha haya mna mambo ya kuzingatiwa na kila mwanamume anayeazimia kuhamia nchi nyingine na watoto wake.

La kwanza, mali ya Ibn Khaldun ilinyang'anywa jangwani na kuzama baharini, na vyeo vyake vilitolewa na kuondolewa na wafalme. Lakini kazi ya kusomesha ilimfungulia mlango Bijaya, na Tunis, na Kairo. Mwenye kuhama na ajitahidi awe na ujuzi ulio wake mwenyewe, wa kalamu au wa mkono, usiohitaji idhini ya mtu.

La pili, alipotengeneza kwanza kisha akaita, kama alivyofanya Gharnata, watoto wake walifika kwa amani. Alipowaacha mikononi mwa mwenye kuwashika rehani, ilimbidi awaombe kwa barua za wafalme. Dhoruba ni ya kadari ya Mwenyezi Mungu, wala haisemwi ya kuwa baba ndiye aliyeizamisha marikebu. Ila kuwatengenezea njia ahali ni wajibu wa mtu kabla ya kuitegemea kadari.

La tatu, mgeni hujaribiwa zaidi ya mwenyeji. Wenyeji humtazama kama atajipendekeza apate kukubaliwa, na mahitaji ya nyumba humwambia ajipendekeze. Ibn Khaldun alikuwa mgeni, akaipoteza nyumba, na mizani yake ya hukumu haikuinama. Alihukumu mwaka mmoja tu katika mara ile ya kwanza, na mwaka huo ndio unaomtolea ushahidi hata leo.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na ahali yake waliozama, na awafikishe salama wote walio njiani na wadogo wao. Amin.